Boule ya Mikunjo Tatu

Makomeno, Elisabethville, 16 octobre 1961

Mukwe wangu Mama Adolphine,

Jambo sana. Ni miye Ngosa, mama ya Kalaba. Barua hii Donat, infirmier, muuguzi wa misheni, ameificha chini ya bandage mu sanduku yake, juu yeye tu njo banaachilia kuingia mu kambi yenu ya bakimbizi. Kisha kuisoma, uichome. Usiiweke mu Biblia, usiishone mu nguo. Uichome.

Mutoto wako iko muzima. Naanza na hiyo, juu najua njo neno macho yako inatafuta. Tangu mwezi wa nane, basoda ba Katanga balipoanza kufukuza bantu ba Kasai mu manyumba, binti yako hajavuka mulango ya lupango, ya ua yetu, pasipo miye pembeni yake. Hapa Makomeno hakuna muntu anayejua kama bwana yake alimuoa kule Kenya, commune ya hapa hapa Elisabethville, mu parokia yenu. Nimeambia bajirani kama Kalaba alimutoa kwetu, ku Luapula, na jina yake ni Chileshe. Kibemba yake iko safi, alikomaa na batoto ba Babemba. Basi usiandike tena ile jina ingine. Hata kwa makosa, usiiandike.

Sasa sikia maneno inayonikosesha usingizi. Iko jirani mumoja, Madeleine, bwana yake iko mu comité ya quartier, bale banapita na liste ya majina ya ba Kasai. Kila siku Madeleine ananiuliza pa lupango: "Mama Ngosa, chilanga mulilo ya Kalaba iko lini?" Weye si Mubemba, nikueleze. Kwetu, bwana hawezi kutia mu kinywa chakula ya mukwe wake hata kipande, mpaka siku upande wa bibi banamuletea masufuria, banamufunulia moja moja, banamuonyesha moto. Kisha hapo iko huru kula kwao. Kama hatufanye, watauliza: huyu bibi hana mama? Mama yake iko wapi?

Nimepata bamama babili ba kwetu, batasimama sawa bamama ba Chileshe. Kuku iko, samaki iko. Lakini Kalaba, mutoto wangu wa kichwa ngumu, anakataa. Anasema kama hakuna hata sufuria moja ya mukwe wake wa kweli, hatakula, na ndoa yake itabaki nusu. Nimemutukana mpaka sauti imekauka. Anainamisha kichwa tu. Anataka ile boule yako, ile donge ya unga na masuku ya pori ndani. Anasema mu ma-communion yote ya Kenya alikaa mbele yayo, akasikia harufu, akanyima kinywa chake juu ilitoka mu mikono yako.

Donc uniandikie namna ya kuipika. Upesi. Niko na woga, Mama Adolphine, sikufiche.

Ngosa


Kambi, 20 octobre 1961

Mama Ngosa, mukwe wangu,

Nimeisoma mara ine, nikaichoma, na majivu nikaikanyaga. Aksanti kwa neno ya kwanza. Hapa tunalala mu kibanda cha ma-carton na bati ya mafuta, basoda ba ONU, ba Umoja wa Mataifa, banazunguka inje, na kila kelele ya camion tunajikunja chini. Lakini bibaya kuliko byote ilikuwa kukosa kujua.

Huyu Kalaba wazimu wake nini? Bantu banawindwa sawa panya, yeye anatafuta boule! Mais, nisikudanganye: nilisoma pale, nikalia. Nilifikiri Kalaba alikuwa anadharau chakula yangu.

Basi sikia. Masuku ikuwe ya kuiva yenyewe, ya kuanguka chini. Ya kutikiswa ku muti iko kali. Utoe mbegu kwa mikono, upike nyama yake na sukari mpaka inashika mwiko. Uiache ipoe. Unga ya ngano bikombe bine, kiazi kitamu cha kuchemsha kimoja, yai moja, chumvi kidogo. Ukande mpaka inaacha kushika bidole, uifunike na kitambaa ya maji, ilale saa moja. Ukate bipande, utandaze mu kiganja, utie masuku katikati. Kisha ufunge muzuri. Uangushe mu maji yenye kutokota, ikipanda juu uhesabu Salamu Maria kumi, utoe. Uzungushe mu sukari na karanga ya kukaanga, ya kutwanga.

Ile namna niliifunzwa na masœur, sista wa foyer ya kufunza bamama, yeye alikuwa anatia prune, matunda ya kwao ya mu boîte. Masuku ni akili yangu miye.

Mubusu mutoto. Umuambie asikate nywele zake, akae na kitambaa ku kichwa mpaka ku nyusi, juu uso wake unafanana na wangu.

Adolphine


Makomeno, 27 octobre 1961

Mama Adolphine,

Tumejaribu leo asubui, ku majaribu tu. Yote ilipasuka. Yote! Sufuria ikakuwa potopoto ya masuku, na mutoto amesimama pale na mwiko. Na wakati ile ile Madeleine akapita pa lupango pasipo kupiga hodi. "Munapika nini, Mama Ngosa?" Nikasema bouillie, uji tu. Akatazama mu sufuria, akatazama mutoto, akasema: "Luapula banapikaka bouillie ya namna hii?" Akacheka, akaenda. Miye sikucheka. Nilifunika sufuria mbio.

Mukwe, miye si mutoto mudogo. Umeandika "ufunge muzuri". Kufunga muzuri ni namna gani? Mutoto mwenyewe hajui, anasema ukifika pale ulikuwa unageuzia bantu mugongo, hata yeye ulimufukuza akasome bitabu byake. Iko kitu umeficha. Hata leo? Hata mu hii moto?

Chilanga mulilo ni tarehe 11 ya mwezi wa kumi na moja. Nimekwisha kusema kwa bantu, siwezi kurudi nyuma.

Ngosa


Kambi, 31 octobre 1961

Mama Ngosa,

Umenipiga, na umenipiga pa kweli. Mukono wangu uliandika "ufunge muzuri" yenyewe, sawa ulivyozoea. Miaka kumi na moja bamama bananiuliza, na miaka kumi na moja najibu ufunge muzuri. Hiyo boule njo ilinifanya muntu mu Kenya. Batizo, communion, ndoa, balikuwa bananiita, bananipatia kiti mbele ya bibi za ba-évolué, bale ba kusoma sawa bazungu. Nilifikiri nikiitoa, nitabaki mama wa Kasai sawa bengine. Sasa angalia nilivyobaki.

Basi hii hapa, na sijaipatia muntu. Chovya kidole mu maji ya yai, ile nyeupe, upake kando ya unga pande zote. Inua kando moja, ilete katikati. Ya pili ilale juu yake. Ya tatu ilale juu ya ya pili. Mikunjo tatu. Ile mukia inayobaki uipinde mara moja ku mukono ya kuume, uiingize ndani na kidole kidogo. Haitapasuka hata maji ikuwe na hasira namna gani. Ikiiva utaona ile mikunjo imesimama juu.

Mutoto ajaribu na kitambaa kwanza. Umuambie mama yake anamuomba samahani kwa kumufukuza jikoni. Nilitaka akuwe monitrice, mwalimu wa shule, asikuwe na mikono sawa yangu.

Adolphine


Makomeno, 13 novembre 1961

Mama Adolphine,

Keti chini kwanza.

Siku ilipita muzuri. Bamama babili balifunua masufuria, Kalaba alionyeshwa kuku, samaki, sombe, akakula kidogo kidogo na heshima. Ya mwisho ikakuwa ile yako. Haikupasuka hata moja. Alishika ile ya kwanza, mukwe wangu, akaiweka ku kinywa, na macho yake ikajaa maji mbele ya bantu. Mutoto akaangalia chini. Nilijisemea: imekwisha, tumepita.

Kisha tukagawia bageni. Madeleine akauma moja. Akaacha kutafuna. Akaitoa ku kinywa, akaigeuza, akaitazama juu, na nikaona midomo yake inahesabu. Moja, mbili, tatu. Akasema, na sauti ya kila muntu kusikia: "Hii boule naijua. Mu communion ya Jeannot wangu, mu 58, tukiwa bado ku Kenya. Ile mama wa Kasai njo alipika. Hakuna muntu mungine alikuwa anajua kuikunja hivi."

 Nikasema boule ni boule. Akasema hapana, si boule yote. Akatazama mutoto kutoka kitambaa mpaka miguu. Akafunga boule moja mu mouchoir, kitambaa yake ya mfuko, akaenda nayo kwake, kwa bwana yake.

Ni siku mbili sasa. Hajarudi kunisalimu. Mutoto hakuli. Kalaba ameacha kwenda kazi, anakaa pa mulango na nyundo, sawa nyundo itamufaa. Anasema kosa ni yake. Kweli ni yake! Na ni yangu, na ni yako. Tufanye nini? Uniambie, juu miye akili yangu imekimbia.

Ngosa


Kambi, 14 novembre 1961

Mutoe! Leo, sasa! Mupitishe njia ya Naviundu, ku mutoni, asubui wakati bamama banaenda kufua. Avae nguo yako ya zamani, abebe beseni ya nguo ku kichwa. Kutoka pale mpaka kambi si mbali, basoda ba ONU batamufungulia. Hapa iko njaa, iko kuhara, lakini nitamuona na macho. Mama Ngosa, nakupigia magoti. Usingoje kesho. Balichoma nyumba ya jirani yangu na bantu ndani, miye nilisikia, masikio hii ilisikia. Mutoe.

Adolphine


Kambi, 15 novembre 1961

Mama Ngosa,

Donat hakurudi jana kuchukua barua. Barua mbili zitakufikia pamoja. Ile ya jana uichome, usiifuate. Leo asubui bameleta mwanamuke mumoja aliyejaribu ile njia ya Naviundu, na sitakuandikia alivyokuwa. Mutoto abaki nyumbani.

Nimekaa na jina ya Madeleine usiku na mchana, na sasa namukumbuka. Mwembamba, na pengo ya meno hapa mbele. Nilimupikia boule mia mbili kwa ile communion. Kisha misa akaniita pembeni, akaniomba nimuonyeshe kufunga. Akaomba mara ya pili. Mara ya tatu akaomba mbele ya bageni yake, na miye, na kiburi yangu, nikamujibu kwa sauti: "Mama, hiyo haiko ya mikono yote." Bantu balicheka. Yeye hakucheka. Miaka tatu iko na ile kicheko ku masikio.

Basi sikia, na ufanye sawa nasema. Uende kwake. Uende na unga, na masuku, na yai. Umuambie: "Madeleine, uliona muzuri. Ni ile ile boule. Lakini si ya Kasai. Ni yetu, ya Luapula, nkambo yangu, mama ya mama yangu, alikuwa anaikunja. Ile mwanamuke wa Kasai alituiba. Alikaa na kijakazi mumoja Mubemba, akamuangalia mikono, kisha akajifanya mwenyewe." Kisha umuonyeshe kufunga. Yote. Maji ya yai, mikunjo tatu, mukia, kidole kidogo. Usifiche kitu, hata kile nilificha kwako mu barua: tone ya ndimu mu masuku, juu rangi isikuwe nyeusi.

Na ukitoka kwake uende kwa jirani ya pili, na ya tatu. Uifunze Makomeno yote. Muntu akikamata boule ya mikunjo tatu, asijue tena imetoka mu nyumba gani.

Utanisema mwizi. Sema kwa nguvu, usitikise sauti. Ukitikisa sauti atajua.

Adolphine


Makomeno, 22 novembre 1961

Mukwe wangu,

Nimekwenda.  Bwana ya Madeleine alikuwa pale, anakula, na ile liste iko pa meza pembeni ya sahani. Na ile boule, mama, iko pale pale mu mouchoir, imekauka sawa jiwe.

Nilisema yote sawa uliniambia. Nilisema mwizi. Sauti haikutikisika, mais kisha hapo nilifika nyumbani nikasukutua kinywa. Unisamehe.

Unajua Madeleine alifanya nini? Alipiga mikono! "Nilijua! Nilijua! Mwanamuke wa Kasai atoe wapi akili ya namna ile? Na kiburi ile yote, kumbe kitu ya kuiba!" Akamugeukia bwana yake: "Unasikia?" Bwana akasema anasikia. Akavuta liste, akaiangalia, akaikunja, akaitia mu mfuko.  Akasema tu samedi, Jumamosi hii, atapita mu manyumba yote.

Madeleine alikunja ya kwanza, ikapasuka. Ya tano ikashika. Akaishika mu kiganja, akabaki kuitazama, na mukwe, nikusemee kweli, nilimuonea huruma. Alikuwa anaitaka sana.

Leo ni mercredi, imebaki siku tatu. Nangoja samedi. Niko na woga mpaka meno inauma.

Ngosa


Makomeno, 11 janvier 1962

Mama yangu,

Mama mukwe ananiachia niandike mwenyewe, mara hii moja tu. Najua ulikaa mwezi mzima na nusu pasipo neno. Donat hakuweza kupita, ile vita ya mwezi wa kumi na mbili ilifunga mabarabara yote. Mabomu yalipita juu ya nyumba, tulilala chini ya meza, miye katikati ya Kalaba na mama yake. Hatujaumia. Bati moja tu iliruka.

Nikuambie ile samedi. Walikuja batatu, bwana ya Madeleine mbele. Aliniuliza jina, nikasema Chileshe. Aliniuliza kijiji, nikasema. Mumoja wa nyuma akasema ati uso wangu ni wa Kasai, nivue kitambaa. Mama, mikono yangu ilikuwa ku kichwa, nimekwisha kushika fundo, ndipo Madeleine akaingia na beseni ya unga. Hakuwatazama hata. Akasema: "Muko mnafanya nini na huyu? Huyu ni wa kwetu. Chileshe, kuja, nataka kukuonyesha kitu." Akanivuta mpaka pa meza, akaanza kunifunza kukunja boule.

Miye! Alinifunza miye boule yako! Nikakunja sawa ulivyoandika, na yeye akanipiga kofi ku mukono: "Si hivyo! Banawake ba siku hizi, hata kitu ya nkambo zao hawajui!" Bale batatu bakasimama kidogo, bwana yake akacheka, kisha bakaenda nyumba ingine. Tulikunja makumi sita. Sikuweza kusimamisha machozi, nikasema ni moshi.

Sijui kama alijua miye ni mutoto wa nani. Kalaba anasema hakujua. Mama mukwe anasema alijua tangu siku ya kwanza. Hatutamuuliza.

Siku ya Noeli, mu Makomeno, kila nyumba iliyobaki na unga ilipika boule ya mikunjo tatu.

Na neno ingine: niko na mimba. Itakuwa mwezi wa sita. Mama mukwe hakutaka nikuambie, anasema utaruka lupango ya kambi. Usiruke.

Mutoto wako,
Chileshe

Unisamehe hiyo jina. Hata mu barua yako naogopa kuandika ile ingine.


Bakwanga, 30 juin 1962

Kwa Chileshe, Makomeno,

Nimefika Kasai. Balitutoa mu kambi na camion mpaka Luano, ku kiwanja ya ndege, kisha na ndege, miye niliyeogopa hata bicyclette. Hapa bantu banaongea Tshiluba na banacheka Tshiluba yangu, banasema inanuka Katanga. Nitazoea.

Padri mumoja anakuja kwenu, yeye njo atakupatia hii. Kalaba alituma neno kwa Donat kama mutoto ni mwanaume, na kilo ni muzuri. Sitauliza jina mumemupatia. Ikuwe ya kwenu, ya kumulinda.

Nikuambie kitu kimoja. Ku Luano tulikaa ku jua kutoka asubui mpaka saa tisa, tumepangwa chini sawa mifuko, basoda pande mbili. Nilikuwa na woga ule ule wa siku zote, juu mu dakika ya mwisho njo bibaya inafikaka. Mama mumoja wa pale alikuwa anapita na beseni, anauzia basoda. Akafika mbele yangu, akaniona nimekauka midomo. Akatazama kushoto, akatazama kuume, akaniwekea kitu mu kiganja, bure.

Boule. Mikunjo tatu, mukia umeingizwa ndani.

Nilimuuliza: "Mama, hii kitu njo nini?" Akasema: "Ni boule ya kwetu Babemba, ya kutoka bankambo." Akanitazama vizuri, akaona niko nani, akaongeza: "Nyinyi ba Kasai mulitaka kutuiba." Hakusema na ubaya. Alisema sawa muntu anasema mvua ilinyesha jana.

Chileshe, mutoto wangu, kinywa changu kilitaka kufunguka, kusema ni yangu, ya miaka kumi na moja. Nikafikiri juu yako na kitambaa ku kichwa, na beseni ya Madeleine. Nikamuambia: "Kweli mama, ni ya kwenu." Akafurahi, akaniwekea ya pili.

Masuku ilikuwa imekwisha mu musimu, alitia ndizi. Hakutia ndimu, ndani ilikuwa nyeusi. Chumvi ilikosa. Nilikula zote mbili mpaka mwisho, na bidole nikaramba.

Kwa batizo ya mutoto upike. Usisahau ndimu. Na kama bantu banauliza umeitoa wapi, unajua ya kujibu, ujibu pasipo kutikisa sauti.

Nkambo yake,
ule mwizi wa Kasai